Fani na Maudhui katika Jarida la Smash Hits

Mhakiki alionaye jarida la muziki la vijana kuwa ni biashara tupu hujinyima somo juu ya uhusiano wa fani na maudhui. Tuchukue Smash Hits, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1978 na kukoma mwaka 2006. Mwanzilishi wake, Nick Logan, alikuwa amehariri New Musical Express, gazeti la karatasi hafifu lililojaa makala marefu ya wajuzi. Katika jarida jipya alitumia karatasi ya kung'aa, picha za rangi za kubandika ukutani na, zaidi ya yote, maneno ya nyimbo zilizovuma. Kijana aliyeusikia wimbo redioni bila kuyashika maneno yake sasa aliweza kuusoma na kuuimba. Akawa mshiriki, si msikilizaji tu. Hata hivyo, rangi zilizomkaribisha ndizo zilizomuuzia sura ya mwimbaji, na wimbo dhaifu ulipambwa sawa na ulio bora, mradi umevuma. Kosa la wajuzi lilikuwa kumpa kijana hukumu bila matini. Hatari ya Smash Hits ilikuwa kumpa matini, kisha kuiachia picha itoe hukumu.