Mazombi wa Marvel na ngeli ya zimwi likujualo

KIJANA wangu wa kidato cha tatu aliniwekea kitabu cha vibonzo mezani wiki jana, akaniuliza swali nililodhani ningelijibu kabla chai haijapoa. "Baba, hawa kwa Kiswahili ni misukule ama ni mazombi tu?" Kitabu chenyewe ni Marvel Zombies, hadithi ya matoleo matano iliyoandikwa na Robert Kirkman na kuchorwa na Sean Phillips, ikaanza kutoka mwishoni mwa mwaka wa 2005. Chai ilipoa.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nacho, kisa ni hiki. Mashujaa wale wale wanaopamba fulana za watoto wetu, kina Spider-Man, Hulk na Captain America, wameambukizwa ugonjwa unaowageuza kuwa wafu wanaotembea na kula watu. Tunapofungua ukurasa wa kwanza, karibu dunia nzima imekwishaliwa. Anayebaki kuwindwa ni Magneto, na wanapompata wanamgombania kama jamaa waliofika kuchelewa kwenye karamu na kukuta sahani moja imebaki.

Kinachochekesha, na kukereketa papo hapo, ni kwamba akili za mashujaa hawa hazijafa. Wanataniana. Wanalaumiana. Spider-Man amewala mkewe na shangazi aliyemlea, na jambo hilo linamtesa kwelikweli, ila angalia ni lini linapomtesa: akishiba. Njaa ikirudi, majuto yanaondoka, na yeye anaondoka na wenzake kutafuta mwingine wa kula. Wahakiki wetu wana neno tanzia-ramsa kwa kazi inayochanganya kilio na kicheko. Sina hakika kwamba latosha hapa, maana katika tanzia-ramsa ya kawaida vitu hivyo viwili hupokezana. Kwa Kirkman vimo katika sentensi moja.

Turudi kwa neno. Msukule, au ndondocha kwa wengine, husimuliwa zaidi na ndugu zetu wa Tanzania. Ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemficha ili amtumikishe shambani usiku. Hasemi, wapo wanaodai hukatwa ulimi. Yuko karibu sana na zombi wa awali wa Haiti, nchi ambayo Waafrika walipelekwa utumwani na kuchukua imani zao pamoja nao. Hata neno zombi wanaisimu wengi hulihusisha na lugha za eneo la Kongo. Zombi wa Haiti alikuwa mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa likizo. Aliyempa mfu huyu hamu ya nyama ya watu ni George Romero, katika filamu yake Night of the Living Dead ya 1968.

Kwa hivyo nilimwambia kijana: hawa wako si misukule. Msukule hafanyi ila kazi. Hawa hawafanyi ila kula na kupiga domo. Kwetu, kiumbe anayekula watu huku akiongea, akibembeleza na hata kuposa wasichana wa kijiji, ana jina lake tangu enzi za ngano. Ni zimwi.

Na mara tu nilipolitamka neno hilo, methali ikajileta yenyewe: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Katika kitabu hiki mna tukio ambalo ni methali hiyo ikitendeka herufi kwa herufi. Hank Pym, mwanasayansi anayejirefusha kwa jina la Giant-Man, ana siri. Wenzake wakihangaika na njaa huko nje, yeye amemficha mtu mzima, hai, katika maabara yake. Mtu huyo ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, Black Panther, ambaye Pym amepigana bega kwa bega naye kwa miaka. Hajammaliza. Anamkata kidogo kidogo, mkono umekwisha kwenda, na wanaongea. Janet, mkewe Pym, anapogundua kwamba bwana anaficha chakula, wanagombana kama wanandoa wowote wanaogombania mshahara, na ugomvi unaishia kwa kichwa cha Janet kutengana na kiwiliwili chake. Kichwa kinaendelea kusema! Nilicheka, kisha nikaona haya.

Msomaji wa Kiafrika hawezi kuupita ukurasa huo haraka. T'Challa aliundwa na Stan Lee na Jack Kirby mnamo 1966, na wengi wetu tulimkumbatia baada ya filamu ya 2018 aliyoshiriki Lupita Nyong'o wetu. Hapa mfalme huyo ni akiba ya stoo. Anayemla anamjua kwa jina, kwa cheo na kwa urafiki, na kujuana huko ndiko kulikofanya asiliwe akaisha. Sisi methali hii huitumia kujifariji: afadhali mwajiri yule yule, afadhali mbunge yule yule. Phillips, kwa michoro yake ya giza na nyuso zisizo na urembo, ametuchorea jinsi hali hiyo inavyoonekana kutoka upande wa anayeliwa.

Baadaye kitabu kinapwaya, kwa maoni yangu. Anakuja Silver Surfer, kisha Galactus, mla sayari ambaye naye analiwa. Kinaya hicho ni kizuri kwa ukurasa mmoja. Kurasa nyingi za ngumi zinakichosha. Majalada ya Arthur Suydam, yanayoigiza majalada mashuhuri ya zamani huku nyuso zikiwa zimeoza, yana kicheko kingi kuliko vita hivyo.

Kijana wangu, ambaye sasa ameanza kulitafsiri tukio la maabara kwa raha zake, alirudi na swali gumu zaidi. Aandike "Pym anamla" ama "linamla"? Methali inalipa zimwi upatanisho wa LI, kana kwamba ni jabali au jinamizi, si mtu. Sarufi ya kila siku ingedai A, kwa kuwa kiumbe huyu ana uhai, au angalau ana mdomo. Nilimwambia kwamba LI itamwondolea Pym lawama: zimwi limekula, ndivyo mazimwi yalivyo. Kitabu hakimruhusu kuponyoka hivyo. Anayekula ni daktari, mume wa mtu, rafiki.

"Lakini methali itaharibika," akasema. Tulibishana hadi mama yake akatufukuza mezani. Mwishowe amegundua kwamba mle maabara hahitaji kuchagua, kwani wawili hao wanazungumza ana kwa ana, na T'Challa anapomjibu anayemla, Kiswahili kinampa neno moja tu la kumwita: wewe.