Mafundi Kompyuta wa Gerezani Wapewe Maua Yao

Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, inasifika kwa wachomeleaji na spea za magari. Mafundi kompyuta wake hawatajwi sana, nao wapewe maua yao.

Mteja analeta kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Linux, imekuwa bubu. Keshashauriwa anunue kadi mpya ya sauti. Fundi mzuri hakimbilii kuuza. "Hebu tuone, bosi." Anachomeka spika tundu la kijani, anaandika alsamixer. Vinatokea vimilia vya sauti. Chini ya kimoja pameandikwa MM, yaani kimezimwa. Anabonyeza M, inageuka OO, spika zinakohoa, muziki huo! Ikigoma, anabonyeza F6 kukagua kadi nyingine, maana mara nyingi sauti inapelekwa HDMI, kwenye skrini isiyo na spika hata moja.

ALSA, mfumo wa sauti ambao alsamixer inauendesha, ni programu huria, imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6, mwaka 2003. 

Wapo mafundi wanaofuta kila kitu na kupiga Windows upya kwa kosa dogo kama hilo la sauti kuzimwa, hao siwasifu. Wateja nao hununa kulipia kitufe kimoja. Walipe tu.