Kufufua helikopta ya simyuleta: anza na hesabu, bodi itafuata

Microsoft Flight Simulator ilipoingia sokoni tarehe 18 Agosti 2020, ilikuja na dunia nzima iliyojengwa kutokana na picha za angani, lakini haikuwa na helikopta hata moja. Kwa wapenzi wa urubani wa nyumbani hilo lilikuwa pigo. Bell 206B JetRanger ilikuwamo katika mfululizo huo tangu Flight Simulator 98, iliyotoka mwaka 1997, hadi Flight Simulator X (FSX) ya mwaka 2006. Pembeni yake watengenezaji huru walikuwa wamejenga helikopta nyingi za nyongeza, za kuuza na za bure, na zote zikabaki nyuma. Helikopta rasmi zilirudi tarehe 11 Novemba 2022, zikiwa mbili: Bell 407 na Guimbal Cabri G2. Hata hivyo, kabla ya siku hiyo kulikuwa tayari na watu wanaorusha helikopta ndani ya simyuleta isiyojua helikopta ni nini.

Njia waliyotumia inatufundisha namna ya kufufua helikopta yoyote iliyoachwa na mtengenezaji wake. Msimamo wangu ni kwamba uhai wa helikopta ya simyuleta umo katika hesabu zake za urukaji. Hesabu hizo zikiwekwa mahali pake, nje ya simyuleta, helikopta itaendelea kuruka hata simyuleta iliyoizaa ikishazikwa.

Kinachokufa na kinachobaki

Helikopta ya nyongeza ya FSX ni fungu la mafaili, makuu yakiwa ya aina nne. Kuna bodi, yaani umbo lenyewe, lililofungwa katika faili la MDL. Kuna picha za rangi zinazoivisha bodi hiyo. Kuna geji za dashibodi. Mwisho kuna namba za urukaji, nyingine katika faili la maandishi liitwalo aircraft.cfg, nyingine katika faili la AIR ambalo huwezi kulifungua ukalisoma kama barua.

Wengi wanaotaka kufufua huanza na bodi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini njia ya bodi inajulikana tayari. Mwenye michoro asilia huitoa upya katika muundo wa glTF unaotumiwa na simyuleta mpya, akatengeneza upya rangi na mng'ao wa vioo. Ni kazi ndefu, ila haina fumbo.

Geji ndizo hufa kwanza. Zile nzuri za FSX ziliandikwa kwa C++ na kufungwa kama mafaili ya DLL ya biti 32. Programu ya biti 64 haiwezi kupakia DLL ya biti 32 ndani yake, hata ikiwa kila mstari wa msimbo ni sahihi. Prepar3D ya Lockheed Martin, iliyorithi msimbo wa familia ya FSX, ilihamia biti 64 katika toleo la 4 mwezi Mei 2017. Kwa hatua hiyo iliepuka ukomo wa kumbukumbu wa GB 4 uliokuwa ukiangusha safari ndefu, lakini ikafunga mlango kwa geji zote za namna hiyo. Simyuleta ya 2020 ilikwenda mbali zaidi: geji zake huandikwa kwa HTML na JavaScript, au kwa C++ iliyogeuzwa kuwa WebAssembly. Aliyetunza msimbo chanzo anarekebisha na kuendelea. Aliyebaki na DLL peke yake anaandika upya kuanzia mstari wa kwanza.

Hesabu za urukaji zina hatima tofauti. Modeli ya helikopta ndani ya FSX ilikuwa nyepesi mno, na ubora wa namba ulizoijaza haukuweza kuvuka ubora wa modeli yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji waliojali waliikwepa. Dodosim 206, nyongeza ya FSX iliyoiga JetRanger, ilikuja na hesabu zake yenyewe za urukaji na injini badala ya kutegemea zile za simyuleta. Miaka mingi baadaye, simyuleta mpya ilipokosa helikopta kabisa, H135 ya bure ya Hype Performance Group iliruka kwa hila hiyohiyo: programu ya pembeni iitwayo Airland ilifanya hesabu, na simyuleta ikaonyesha matokeo.

Hila yenyewe

Mlango unaotumika ni SimConnect, njia ambayo Microsoft iliiweka ndani ya FSX na kuibakiza katika simyuleta ya 2020 ili programu za nje zizungumze na simyuleta. Programu ya nje huuliza: mikono na pedali za rubani ziko wapi, upepo unavumaje, hewa ina uzito gani, ardhi iko chini kwa kiasi gani. Inakokotoa nguvu zote zinazoisukuma helikopta, kisha inarudisha jibu: kasi ya kwenda mbele, pembeni na juu, pamoja na kasi ya kuzunguka katika kila mhimili. Simyuleta inabaki na kazi ya kuchora dunia.

Ugumu uko kwenye muda. Rota kuu ya JetRanger huzunguka mara 394 kwa dakika, yaani nyuzi 2,364 kwa sekunde. Kompyuta inayochora picha 30 kwa sekunde huipa programu nafasi moja ya kuzungumza kila rota inapopita karibu nyuzi 79, takriban robo ya mzunguko. Ukikokotoa nguvu za panga mara moja tu kwa kila picha, utaruka sehemu kubwa ya yale yanayolipata panga hilo. Kwa hiyo ndani ya kila picha hesabu hukatwa vipande vidogo, au mapanga huchukuliwa kama sahani moja na nguvu zake kutafutiwa wastani. Njia ya kwanza inadai nguvu ya prosesa, ya pili inadai ujuzi wa kuchagua kipi kiachwe.

Kuchelewa nako ni adui. Helikopta iliyosimama hewani haijitulizi. Rubani huisahihisha kila mara kwa miguso midogo. Jibu likichelewa hata kidogo, anasahihisha kosa lililokwisha kupita, na helikopta inaanza kuyumba kwa mawimbi yanayokua. Anayeona helikopta yake mpya haitulii asikimbilie kupunguza makali ya joistiki. Apime kwanza njia ambayo amri inapita tangu mkononi hadi kwenye picha, kisha asogeze hesabu karibu na simyuleta kadiri inavyoruhusu.

Rota, injini na ardhi

Rota ya JetRanger ina mapanga mawili na kipenyo cha mita 10.16. Ncha ya panga hukata hewa kwa mita 210 hivi kwa sekunde. Helikopta ikienda noti 100, panga linalokwenda mbele hukutana na hewa kwa mita 261 kwa sekunde, na lile linalorudi nyuma mita 158. Kwa kuwa nguvu ya kuinua hufuata kasi kwa kipeo cha pili, mapanga yakiwa kwenye pembe ileile ncha moja ingeinua mara 2.7 ya nyingine. Rota halisi inalimaliza hilo kwa kubembea: panga lenye nguvu zaidi hupanda na kupunguza pembe yake ya kukutana na hewa, la pili hushuka. Hesabu zisizo na kubembea huko hutoa ndege yenye panga juu, wala rubani wa helikopta hatadanganyika.

Mkia nao unadai uaminifu wake. Mwaka 1995 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa waraka AC 90-95 kuhusu helikopta zinazogeuka kulia ghafla bila rubani kutaka, ambapo rota ya mkia hupoteza uwezo ikiwa nzima kabisa. Waraka huo unataja hata pembe za hatari: upepo wa kutoka mbele kushoto, kati ya nyuzi 285 na 315, husukuma hewa iliyovurugwa na rota kuu hadi kwenye mkia. Hapa mfufuaji ana kipimo kisicho na ubishi. Helikopta isimamishwe hewani, upepo uelekezwe kwenye pembe hizo, na pedali zionyeshe kama msimbo unayajua yanayotokea.

Injini ni sehemu inayopuuzwa sana, ilhali ndiyo inayomfanya rubani aiheshimu mashine. Allison 250-C20B ina uwezo wa nguvu za farasi 420, lakini giaboksi ya JetRanger imewekewa ukomo wa 317. Kwenye hewa nzito ya pwani rubani anaweza kuumiza giaboksi huku injini bado ina akiba. Juu mlimani kunapokuwa na joto, hali inageuka: joto la injini linafika ukomo kabla ya giaboksi. Hata kuwasha kuna hatari zake. Joto la gesi likizidi nyuzi 810 lina sekunde 10 tu, na halitakiwi kuvuka 927. Helikopta ya nyongeza inayowaka salama hata rubani akifungua mafuta mapema, kabla stata haijaizungusha injini vya kutosha, imemnyima somo la kwanza kabisa la mashine hii.

Kwa kupima uhusiano huo wa hewa na ukomo wa injini, Afrika Mashariki inafaa sana. Panga safari mbili zenye uzito uleule, moja ianzie Mombasa, karibu na usawa wa bahari, nyingine Wilson jijini Nairobi, mita 1,690 hivi juu yake. Kwa hali ya kawaida ya angahewa, hewa ya Wilson ina uzito wa karibu asilimia 85 tu ya ile ya usawa wa bahari. Helikopta iliyofufuliwa vizuri itadai wenzo wa mkono wa kushoto uinuliwe zaidi Nairobi, na geji ya joto iseme hivyo hivyo.

Ardhi ndipo mifumo miwili inapogombana. Hewani programu ya nje ndiyo yenye amri, lakini miguu ya helikopta ikigusa lami simyuleta nayo huanza kukokotoa uzito na msuguano wake. Zote mbili zikiamuru kwa pamoja, helikopta hutetemeka au hurushwa juu. Suluhisho ni kukabidhiana taratibu: kadiri uzito unavyohamia kwenye miguu, ndivyo programu inavyoachia amri kidogo kidogo.

Haki na akiba

Yote haya hayana maana kama mfufuaji hana ruhusa. Bodi na msimbo wa nyongeza iliyoachwa kuuzwa bado ni mali ya aliyeviandika, na kutoonekana dukani hakumwondolei haki. Barua ya kuomba ruhusa hutangulia kazi. Ikikosa jibu, bado liko shamba ambalo fundi anaweza kulilima kwa haki: kitabu cha marubani cha Bell, kanuni za fizikia na nyaraka za FAA vinatosha kuandika hesabu mpya kabisa, kisha helikopta ya jina lilelile ivishwe bodi mpya.

Hesabu mpya zikishaandikwa zitenganishwe: kiini kimoja kinachojua JetRanger bila kujua simyuleta yoyote, na tabaka jembamba la kukiunganisha na kila simyuleta. FlightGear imeonyesha kwa miaka mingi faida ya uwazi. Helikopta zake zinazotumia YASim hueleza rota katika faili la XML ambalo mtu yeyote hulifungua, akalisoma na kulirekebisha, chini ya leseni ya GNU GPL. Mtunzi wa helikopta ya namna hiyo anaweza kuondoka, na kazi ikaendelezwa na mwingine.

Kwa hiyo, anayefufua helikopta leo anayo nafasi ambayo mtangulizi wake hakuiona. Aweke akiba ya msimbo chanzo pamoja na michoro asilia, aandike kila namba ilitoka wapi, na aache ruhusa ya maandishi inayosema nani aiendeleze siku yeye akiacha. Simyuleta nyingine itakuja, na itakuja na milango tofauti. Atakayekuwa na kiini safi na ruhusa mkononi atakuwa na kazi ya kujenga tabaka la kuunganisha tu, na JetRanger itaendelea kufundisha watu urubani.