Daftari Linalopungua: Kurejesha Majina katika Natsume Yūjinchō

Wahakiki waandikapo juu ya Natsume Yūjinchō, aghalabu huanzia kwenye upole wake. Ni kweli kwamba msururu huu wa filamu za katuni za Kijapani ni mpole. Umetokana na hadithi za picha za Yuki Midorikawa, zilizoanza kuchapishwa mwaka 2003, na ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwezi Julai 2008 chini ya mwongozaji Takahiro Omori. Hamna ulimwengu unaookolewa humo. Mapigano ni haba, damu ni haba zaidi. Yaliyopo ni mashamba ya mpunga, vijia vya milimani, mvua, na chakula cha jioni kinachongoja nyumbani. Wajapani huuweka katika kundi la kazi waziitazo iyashikei, yaani kazi za kuuliwaza moyo. Uainishaji huo hauna kosa, ila umezaa uvivu. Mhakiki akishasema kwamba kazi inaliwaza, hujiona amemaliza. Dai la makala haya ni kwamba chini ya upole huo mna mgogoro wa kimaadili usio na suluhisho, na kwamba mgogoro wenyewe umo katika kile kitabu kilichoupa msururu jina lake.

Kwa msomaji asiyeujua msururu, kisa ni hiki. Takashi Natsume ni kijana yatima. Tangu utotoni huona viumbe wasioonekana na wengine, na kwa sababu hiyo amekuwa akihamishwa kutoka nyumba ya jamaa mmoja hadi ya mwingine, huku akiitwa mwongo. Hatimaye anapokewa na Shigeru na Touko Fujiwara, mume na mke wasio na mtoto, wakaao mashambani. Huko anagundua kwamba amerithi daftari la marehemu bibi yake, Reiko, aliyekuwa na uwezo kama wake. Reiko alikuwa akiwachokoza viumbe hao washindane naye. Kila alipomshinda mmoja, alimlazimisha aandike jina lake katika karatasi. Mwenye karatasi ana amri juu ya mwenye jina. Natsume anaamua kuyarejesha majina kwa wenyewe, akisindikizwa na Madara, jitu kubwa jeupe lenye umbo la mnyama, lililonaswa katika mwili wa sanamu ya paka wa bahati na ambalo vijana hulijua zaidi kwa jina la Nyanko-sensei. Madara ameahidiwa daftari hilo siku Natsume atakapofariki.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tuseme neno juu ya istilahi. Viumbe hao Wajapani huwaita yokai, nami nimeliacha neno lilivyo. Kuwaita majini ni kuwatwika itikadi isiyo yao, maana jini wa Mwambao ana nafasi inayojulikana katika elimu ya dini. Yuko Mwislamu na yuko kafiri, na wote wana hesabu ya kutoa. Mizimu nayo ni jamaa zetu waliotangulia, ilhali yokai si mzee wa mtu yeyote. Zimwi wa ngano humeza watu, na ni kweli kwamba yokai wachache hujaribu, lakini wengi wao ni wapweke tu. Aliye karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni pepo wa kupungwa, na ukaribu wenyewe uko katika suala la jina. Mganga wa pepo hutaka kwanza pepo aliye katika kiti ajitaje, ndipo waulizane anataka nini. Jina hapo ni mlango wa mapatano. Kwa Midorikawa, jina limekwisha kutolewa zamani, kwa kushindwa, na mapatano hayakufuata. Hadithi nzima inaanza pale ambapo mganga wetu angekuwa ameketi kusikiliza.

Tuliangalie sasa daftari lenyewe. Yūjin ni rafiki. Chō ni daftari la kuandikia hesabu au orodha. Kwa bahati njema Kiswahili kinalo neno lenye mzigo uo huo: daftari la muuza duka, ambamo jina la mtu likiandikwa, mtu huyo anadaiwa. Reiko aliliita daftari la utumwa daftari la marafiki. Je, ni kejeli? Sehemu ya kwanza kabisa ya msururu inatuzuia kujibu upesi. Yokai aitwaye Hishigaki anamwandama Natsume kwa vitisho akidai jina lake. Jina linaporejeshwa, tunaonyeshwa yaliyopita: Reiko alimpa chakula, akachukua jina lake, akamwambia kwamba akimwita aje. Hakumwita kamwe. Hishigaki aliishi miaka yote hiyo akingoja kuitwa. Hasira yake haikutokana na kifungo hata kidogo. Ilitokana na kusahauliwa na yule aliyemfunga. Reiko naye, aliyetengwa na watu na kurushiwa mawe na watoto, hakuwa na njia nyingine ya kumfanya mtu awe wake isipokuwa kumshinda na kumwandika. Kwa hiyo daftari ni utumwa na ni urafiki kwa wakati mmoja, na msururu haukubali tuvitenganishe.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tendo la kurejesha jina lina umbo maalumu. Natsume huwaza sura ya yokai, daftari hujifungua lenyewe, karatasi ikasimama. Huing'oa, akaitia kinywani, akapiga makofi, akapumua. Hati zikapaa kumwendea mwenyewe. Wakati huo huo kumbukumbu za yokai huyo juu ya Reiko humpitia Natsume. Ifahamike kwamba Natsume hakumjua bibi yake. Reiko alikufa akiwa kijana, na jamaa waliobaki hawana la kumsifia. Hakuacha barua wala shajara ila daftari hilo lenye majina ya aliowashinda. Basi mjukuu anamjua bibi kwa ushahidi wa wadai wake tu, na kila ushahidi anausikia mara moja, katika tendo lile lile linaloiondoa karatasi daftarini. Muuza duka akilipwa hupiga mstari, na jina likaendelea kusomeka chini ya mstari. Hapa karatasi yenyewe inatoka. Kadiri Natsume anavyotenda haki ndivyo urithi wake unavyopungua, na siku deni litakapokwisha ndipo mlango wa mwisho wa kumjua Reiko utakapofungwa.

Sijui kazi nyingi zilizoweka haki na nasaba katika mizani kwa namna hii. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, jini hutokea kulipa wema na kuadhibu uovu; mizani iko wazi, na kila mtu hupata stahili yake. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001, marehemu mwenyewe hurudi kumhukumu mjukuu kwa kinywa chake. Reiko harudi, na wala mjukuu hahukumiwi. Mjukuu ndiye anayerithi kosa na kulilipa, na malipo yenyewe ni sehemu ya bibi yake.

Sehemu ya pili ya awamu ya kwanza inalipeleka tatizo mbali zaidi. Tsuyukami, yokai mdogo anayeabudiwa kama mungu katika kihekalu cha kando ya njia, amepungua kimo kwa kadiri waumini wake walivyopungua. Amebakiwa na mmoja, bibi kizee Hana. Karatasi yake imegandamana na ya yokai mwingine, kwa hiyo haiwezekani kumrudishia mmoja bila mwenzake. Shughuli hiyo inachukua sehemu kubwa ya kisa na ina ucheshi wake. Lakini Hana anafariki, na Tsuyukami lazima atoweke naye. Natsume anajitolea kumwabudu ili abaki. Tsuyukami anakataa, kwa kuwa Natsume ni rafiki yake. Tazama jinsi neno la jalada la daftari linavyorudi likiwa limegeuzwa: rafiki sasa ni yule ambaye hutaki akutumikie hata ikiwa utumishi wake ndio uhai wako. Mtazamaji anayeona liwazo tu hapa hajatazama. Jina limerudi, mwenye jina hayupo.

Si sehemu zote zenye uzito huo. Visa vya walevi wa msituni wanaozunguka nyumba ya akina Fujiwara hurudiarudia utani ule ule, na njama za ukoo wa Matoba, watu wanaowatumia yokai kama silaha, zimeahirishwa mara nyingi mno kiasi kwamba tishio limekuwa desturi. Kwa upande mwingine, kisa cha yule yokai wa kimulimuli ambaye mpenzi wake binadamu alipoteza uwezo wa kumwona, hata akaamua kuliacha umbo lake la kudumu na kuwa mdudu wa siku chache ili aonekane tena, hakihitaji daftari hata kidogo, na bado ni miongoni mwa vilivyo bora kabisa. Huenda hilo ni onyo kwa hoja yangu: ubora wa msururu haumo katika daftari peke yake.

Hata hivyo, muundo wa msururu mzima unarudi daftarini. Awamu saba zilitoka kati ya 2008 na 2024, pamoja na filamu ndefu ya mwaka 2018, na kati ya awamu ya sita ya 2017 na ya saba ilipita miaka saba. Kwa kipimo cha kawaida cha msuko, huo ni udhaifu: kisa hakisogei, Natsume haachi kuwa mwanafunzi wa sekondari, karatasi hazihesabiwi mbele yetu. Mimi nauona uahirishaji huo kuwa ndio uaminifu wa mtunzi kwa mgogoro wake. Natsume harejeshi majina kwa pupa. Hawatafuti wenye majina; huwangoja waje, na wajapo, huwarejeshea siku hiyo hiyo bila kubana. Baina ya mgeni mmoja na mwingine huliweka daftari karibu naye, likiwa na Reiko aliyebaki ndani yake, naye hulishika kama mtu ashikaye picha.