Kiondo Hakifichi Kosa

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 ameketi chini ya mwembe, kitako cha kiondo, kikapu cha kusukwa, magotini. Kimefikia upana wa sahani, lakini upande mmoja kimeanza kujikunjakunja kama jani lililopigwa na jua. Nyanya aliyealikwa kufundisha, ambaye darasa zima linamwita Cucu, anakipokea, anakizungusha mara moja tu, na kidole chake kinasimama. "Hapa uliongeza nyuzi mbili pahali pa moja. Fumua mpaka hapa."

Hakumwambia afumue chote. Alimwambia afumue mpaka hapa, basi. Niliyasikia maneno hayo katika shule moja ya Mbeere, na hadi leo sijapata somo la tafakari linaloyashinda.

Anayeteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Siakago au Kiritiri huacha nyuma majani chai na kahawa ya miteremko ya Mlima Kenya, akaingia nchi ya joto, ya ndengu, mtama na muguka. Huko mkatani huota kwenye ua wa shamba bila kubembelezwa. Kiondo si mali ya Wambeere peke yao. Wakamba wanakisuka, Wagikuyu wanakisuka, na ukivuka Mto Thuchi utakikuta Tharaka na Meru. Lakini katika nchi hii kavu ndipo unapoelewa werevu wa watu waliotazama mmea wenye miiba, wakaona mzigo wa viazi umo ndani yake.

Kazi huanza kwa adha. Jani la katani hukwanguliwa mpaka nyama yake itoke, na maji yake huwasha ngozi. Nyuzi zinazobaki huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa juu ya paja lililo wazi, kiganja kikienda mbele na kurudi, mpaka uzi ukaze. Halafu ndipo panapofungwa kitako: nyuzi chache zinapishana katikati, nyingine zinaanza kuzizunguka mbilimbili. Kila mzunguko unapopanuka, msusi huongeza nyuzi za kusimama. Akiongeza mno, kitako kinafanya mawimbi. Akiongeza chache, kinainuka mapema na kuwa kikombe. Siku kitako kinapofikia upana wake, anaacha kuongeza, na ukuta unapanda wenyewe. Hakuna rula wala mchoro. Kipimo kimo vidoleni, na vidole vya Cucu havina likizo: mama wa kizazi chake walisuka wakitembea kutoka shambani, wakizungumza, macho yakiwa njiani.

Nimesifu mikono, sasa nisifu kile ambacho mikono hiyo inawafanyia watoto wetu.

Gredi ya 7 ya kwanza chini ya mtaala wa umilisi iliingia darasani Januari 2023, na wengi wao walibaki katika uwanja uleule wa shule ya msingi waliyoizoea. Ni watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, umri wa sauti kukatika na kuona haya mbele ya wenzao. Mtaala unawataka wajitafakari: wahifadhi kazi zao katika potfolio, waandike walichojifunza na walichoshindwa. Nia ni njema. Ila nimezisoma tafakari kadhaa, na nyingi zinafanana kama matofali ya kalibu moja: nimejifunza mengi, nimefurahia, nitatia bidii. Mtoto hadanganyi. Anajilinda tu. Shule imemzoesha kwamba kosa ni alama iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na nani apendaye kuirudia alama hiyo kwa maandishi yake mwenyewe?

Kiondo kinamtoa kwenye kinga hiyo bila kumwaibisha. Kosa lake limelala pale, linaonekana, linashikika, lina mahali. Si kwamba yeye ni mjinga. Ni kwamba kwenye mzunguko wa tisa alichoka, au alikuwa akicheka na jirani, akaongeza uzi. Na mizunguko minane ya kwanza ni mizuri, ibaki. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kiondo kinamfundisha mtoto kwamba kuonyesha kosa ni hatua ya kazi yenyewe, kama kusokota na kukwangua.

Mvulana mmoja darasani humo alinung'unika kwamba kusuka ni kazi ya wasichana. Kwao wanaume huchonga mizinga ya nyuki ya magogo. Cucu hakubishana naye. Alimuuliza mzinga uliopasuka hufanywaje. Akajibu, huzibwa. "Basi huku huzibi, unafumua," akamwambia, akamtupia nyuzi. Wiki iliyofuata alikuwa na kitako kilichonyooka kuliko vingi.

Ndiyo maana siku za utamaduni katika shule zetu hunifurahisha na kunikera kwa pamoja. Hunifurahisha ngoma zinapolia, hasa zile za Wachuka zinazobanwa mapajani, na watoto wa Meru wanapocheza kirarama mpaka vumbi linainuka. Hunikera nikifika kwenye meza ya vitu vya asili na kukuta viondo vilivyonunuliwa sokoni asubuhi hiyo, baadhi vya nyuzi za plastiki, vyote vikamilifu, na hakuna mtoto anayeweza kusema kitako huanzaje. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa aliyetunzwa ni muuzaji.

Taifa nalo limesitasita kati ya utamaduni na mazingira. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kiondo kikakumbukwa. Sikukuu ya Oktoba 10 ikawa ya Utamaduni, kisha mwaka 2024 ikageuzwa kuwa ya Mazingira. Cucu hangeona tofauti. Mfuko wake unaota kwenye ua, unabeba viazi kwa miaka, na ukichakaa unarudi udongoni. Kwake siku hizo mbili ni siku moja.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa walimu wa Embu na Meru. Siku ya utamaduni ijayo, wekeni mezani viondo ambavyo havijaisha. Mwacheni kila mtoto asimame karibu na chake, aonyeshe kwa kidole alipokosea, alipofumua na alipoanza upya. Kisha aende darasani ayaandike hayohayo katika potfolio yake. Na mwalikeni nyanya wa kijijini aje na nyuzi zake, mumlipe kama mnavyomlipa fundi yeyote, kwa sababu ndiye aliyesahihisha kazi nzima bila kalamu nyekundu.