'Kumbukumbu' ya kompyuta ni sahaulifu, tusiichanganye na hifadhidata

Karani akiambiwa “sasisha kumbukumbu za wakulima”, afanye nini hasa? Swali linaonekana jepesi, kumbe lina mtego. Neno kumbukumbu tumelibebesha mizigo miwili inayovutana, na anayeumia ni mwananchi ambaye jina lake limo humo.

Tuanze na matumizi ya kawaida. Kumbukumbu, nomino inayohusiana na kitenzi kumbuka, ni kitu cha kudumu. Katibu huandika kumbukumbu za mkutano ili mwakani mtu asije akakana aliyoyasema. Wakristo wana Kumbukumbu la Torati. Lakini katika lugha ya kompyuta, neno hilo hilo limepewa sehemu ambamo mashine hushikilia data inapofanya kazi. Sehemu hiyo, jamani, stima ikipotea husahau kila kitu! Kinachodumu ni hifadhidata iliyo kwenye diski au seva.

Programu nyingi za ofisini huchota rekodi kutoka kwa hifadhidata na kuzipanga katika jedwali lililo ndani ya kumbukumbu. Karani hurekebisha nakala hiyo. Katika mfumo wa .NET wa Microsoft, kwa mfano, jedwali hutunza thamani ya awali na ya sasa ya mstari uliobadilishwa, pamoja na alama ya kuonyesha iwapo mstari umeongezwa, umebadilishwa au umefutwa. Hifadhidata haijui lolote hadi itolewe amri ya kupeleka mabadiliko. Ipo pia amri ambayo kwa tafsiri sisisi ni “kubali mabadiliko”. Mwanaprogramu akiitoa mapema, alama hufutika, na amri ya kupeleka ikija haioni cha kupeleka. Skrini inasema hili, hifadhidata inasema lile.

Sasa twende Ukambani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilifanywa kwa vishikwambi: taarifa zilijazwa nyumba kwa nyumba, kisha zikatumwa kwa seva. Kitui ilihesabiwa kuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Kaya iliyojazwa kwenye kishikwambi haiwezi kuingia katika jumla kama hizo kabla taarifa zake kufika kwenye seva. Kujaza ni hatua moja, kufikisha ni nyingine.

Tuseme mkulima amehama kutoka Mutomo, Kitui, akavuka mto Athi na kuhamia Kibwezi, Makueni. Karani wa kwanza anamwondoa kwenye orodha, wa pili anamwongeza. Kila mmoja anasema, “Nimesasisha.” Ikiwa wa pili amebadilisha jedwali la kumbukumbu tu, mkulima huyo hayumo popote. Siku ya mbolea ya ruzuku ataambiwa jina halionekani, na hakuna karani atakayekuwa amedanganya. Lugha ndiyo iliyowaruhusu kuviita vitendo viwili kwa jina moja.

Wapo watakaosema hoja hii ni ya walimu wa lugha tu, ati msimbo huandikwa kwa Kiingereza. Naam, lakini karani hasomi msimbo, anasoma kitufe. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, hatuwezi kudai kwamba kompyuta haijui Kiswahili. Swali lililobaki ni kama Kiswahili chake kinasema kweli.

Pendekezo langu ni hili. Kinachofanywa ndani ya jedwali kiitwe kurekebisha. Kupeleka mabadiliko kuitwe kuwasilisha. Sasisha, neno zuri lililoundwa kwa sasa na kiambishi cha usababishi, litumike tu hifadhidata yenyewe inapokuwa imepokea taarifa mpya. Nayo hifadhi tuiheshimu: anayehifadhi Kurani ameiweka moyoni isipotee. Kitufe kinachoandikwa “Hifadhi” ilhali kinagusa nakala ya muda tu kinamhadaa mtumiaji. Na pale tunapolazimika kutaja kumbukumbu ya mashine, tuseme kumbukumbu ya muda.

Wanaoandaa mifumo ya kaunti na wanaosanifisha istilahi wakae meza moja kabla vitufe havijaandikwa. Mkulima wa Kibwezi hana haja ya kujua jedwali ni nini. Anachohitaji ni kwamba karani akimwambia “tayari”, iwe tayari kweli.