Mjukuu Aliyezaliwa Kabla ya Babu

Jumamosi moja tulikuwa watu sita katika chumba cha ghorofani karibu na Uganda Road, Eldoret, malori ya kwenda Malaba yakinguruma chini ya dirisha, nasi tukisoma soneti ya 129 ya Shakespeare. Mwalimu mmoja wa sekondari akauliza swali ambalo kila mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili hulijua: nafsineni ni nani? Tukamtafuta mstari kwa mstari. "Mimi" hayumo. "Wewe" hayumo. Hakuna mwanamke wala mwanamume mahususi anayetajwa. Kuna uchu tu, na hasara ya uchu.

Ni jambo la kushangaza katika kitabu cha soneti za Shakespeare. Soneti zote 154 zilichapishwa London mwaka 1609, na nyingi zina mtu anayesemeshwa au kusimuliwa: mwanzoni kijana mzuri anayehimizwa aoe azae, na kuanzia soneti ya 127 mwanamke mwenye macho meusi anayemtesa msemaji. Soneti ya 129 imewekwa katikati ya zile za mwanamke huyo, lakini yeye mwenyewe ametoweka. Aliyetenda amekimbia, kikabaki kitendo.

Sisi tumelelewa na methali isemayo kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Katika soneti hii mjukuu amezaliwa kabla ya babu. Mstari wa kwanza umejaa upotevu na aibu, na neno la uchu halitokei hadi mstari wa pili. Msomaji anajuta kabla hajajua anajutia nini. Kisha shairi linarudi nyuma, kwenye wakati ambapo tendo halijatendwa, na kuutwika uchu msururu wa sifa mbaya: uongo, ukatili, umwagaji damu. Nimezisoma sifa hizo mara nyingi na sidhani kwamba ndivyo mtu aonavyo wakati anapotamani. Anayetamani huona uzuri. Hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kutoka, anayeyapaka masizi ya baadaye juu ya yale yaliyotangulia.

Raha je? Hapa ndipo umbo linaponishika. Raha haikupewa hata mstari mmoja ulio wake. Katika mstari wa tano kufurahia na kudharau vimebanwa pamoja. Katika wa 11 na wa 12 raha inakaa nusu ya mstari, na nusu ya pili inaifuta. Sikio lililozoea ukwapi na utao halihitaji kufafanuliwa sana: ukwapi unaahidi, utao unanyang'anya. Katika mstari huo wa 11 kuna hata ugomvi wa wahariri juu ya neno dogo. Toleo la 1609 lina "na" mahali ambapo wahariri wa baadaye walisahihisha, wakayafanya maangamizi yaje baada ya raha kuonjwa. Washairi Laura Riding na Robert Graves walilalamika mwaka 1927 kwamba masahihisho kama hayo yamelisawazisha shairi kupita kiasi. Mimi niko upande wao. Ile "na" inaziweka raha na maangamizi katika saa moja, na hilo ndilo la kutisha.

Kati ya mstari wa nane na wa tisa kuna kitu ambacho wanafunzi wetu wanakijua kwa jina. Neno la wazimu linafunga mstari mmoja, na lilo hilo linafungua unaofuata. Hiyo ni pindu, au mkufu. Imewekwa palepale robo ya pili ya soneti inapoishia na ya tatu inapoanza, mahali ambapo msomaji angepumua. Muda mfupi kabla yake shairi limetaja chambo kilichomezwa. Basi pindu hiyo ni ndoana: umekwisha kushikwa, unavutwa hadi robo nyingine. Katika mstari wa 10 kitenzi kimoja cha kupata kinapita katika nyakati tatu kinyumenyume, kuanzia kilichokwisha kupatikana hadi kinachotafutwa bado, na hakina mtendaji hata mara moja.

Kiingereza kinaweza kumwacha mtendaji nje kwa urahisi. Kiswahili kinadai kiambishi: nilipata, ulipata, alipata. Mfasiri atajikuta amemtaja mtu ambaye Shakespeare amemficha. Lakini tuna mlango mmoja, ule wa "hu-", ambao hauna nafsi wala wakati. Hupata. Huja. Methali yetu ya mjukuu imepita papo hapo. Hasara yake ni kwamba "hu-" husawazisha mambo. Kwayo jana na kesho huwa siku moja, na soneti hii inaishi kwa kurukaruka kati ya kabla na baada.

Ushairi wetu wa zamani ulichukua njia nyingine. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate anausemesha moyo wake mwenyewe. Tamaa yake si ya mwili peke yake, ni ya dunia nzima, na ushahidi anaouleta ni majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni kisha yakawa makao ya popo. Nafsineni yupo, na anayesemeshwa yupo ndani ya kifua chake. Vina vya mistari mitatu ya kwanza hubadilika ubeti hadi ubeti, na wa nne hurudi kwenye "-ye" ile ile, tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo ni majuto yanayorejea kama wimbi, yakitumaini kwamba moyo ukisikia mara ya sabini utageuka.

Soneti haina tumaini hilo. Vina vyake hupishana kwa mistari 12, kisha miwili ya mwisho inapata kina kimoja kinachofuatana, kama komeo linaloteremshwa. Msomaji aliyezoea vibwagizo anangoja funzo. Anachopewa ni maneno mawili, la kujua na la vema, yakigeuzwa mpangilio: mara ya kwanza dunia yote inajua, mara ya pili hakuna ajuaye kiasi cha kuepuka. Hata neno la mwisho kabisa ni jehanamu. Nimewahi kuona majibu yanayosema ujumbe wa shairi hili ni kwamba tujiepushe na zinaa. Yananiuma, kwa sababu mistari miwili ile inakana kwamba kujua kunamwepusha mtu. Mshairi Philip Sidney alimaliza soneti yake juu ya tamaa, iliyochapishwa 1598 baada ya kifo chake, akiapa kuiua, ingawa kitenzi alichoshika kama silaha ni kile kile cha kutamani. Shakespeare hakuapa lolote.

Mji wetu wa Eldoret wazee waliuita Sisibo, yaani "sixty-four", kwa sababu ya shamba nambari 64 ulipoanzia. Ubeti mmoja wa tarbia, mistari minne ya mizani 16, nao una mizani 64. Soneti hii ina mistari 14 ya mizani 10, yaani 140. Jioni ya Jumamosi ile tulipiga hesabu hiyo juu ya bahasha, tukaona tunavyoweza kuifasiri: beti mbili kamili za "hu-" zinazokula mizani 128, halafu ubeti wa tatu wenye mizani 12 tu. Ukwapi wake utatimia. Utao utafika mizani ya nne na kukatika hapo, kina cha mwisho kisitokee, na kibwagizo kisirudi.